Gemu uliyolipia huenda si yako

Wengi huamini kwamba ukishalipia gemu ni yako milele, hasa ukiwa na diski yake kabatini. Tazama The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft iliyotoka 2014. Hata ukicheza peke yako, ilidai intaneti, kwa kuwa ilitegemea seva, yaani kompyuta za mbali za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Diski ikabaki ya kutishia ndege shambani. Kumbe ulichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kucheza, na ruhusa huondolewa.

Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kupitia intaneti, ilikwenda mbali zaidi. Gemu yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta za Google. Wewe uliletewa picha tu, kama video, huku kila kitufe ulichobonyeza kikisafirishwa hadi huko. Ilianza Novemba 2019, ikafungwa Januari 2023. Google ilirudisha pesa za gemu, uungwana usiozoeleka katika biashara hii.

Gemu zisizotegemea seva hazina shida hiyo. Ukitaka kujua yako iko kundi gani, zima intaneti kisha ujaribu kuifungua.