Njia Zisizo na Magari kwa Baiskeli ya Umeme: Uliza Kwanza Njia Hiyo Ilikuwa Nini

Watu wanaonunua baiskeli ya umeme kwa mara ya kwanza hapa Bristol, Uingereza, huniuliza kidogo sana kuhusu betri au breki. Wanachotaka kujua ni mahali pa kwenda. Wengi wao hawana haja ya mashindano: ni wastaafu, ni wazazi ambao watoto wao wamekua, na ni baadhi yetu tuliojifunza baiskeli Afrika Mashariki pembezoni mwa barabara, basi likitupigia honi mgongoni, ambao sasa tunataka kwenda taratibu bila kugeuza shingo kila dakika. Kazi yangu ni kuongoza matembezi ya namna hiyo na kuyapangia njia, na katika makala haya ninaeleza jinsi ninavyozitafuta.

Kabla ya kufungua programu yoyote kwenye simu, uliza njia hiyo ilikuwa nini kabla haijawa njia ya baiskeli. Uingereza ni nchi yenye watu wengi na magari mengi, na ni nadra mtu kupata ardhi ya kuchora njia mpya ndefu mashambani. Karibu kila njia ndefu isiyo na magari imerithi kazi ya watu wengine: reli iliyofungwa, mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo, barabara ya kuhudumia bwawa la maji, au njia ya malori ya magogo ndani ya msitu. Asili hiyo hukueleza mapema mambo ambayo ramani haiyasemi waziwazi, yaani mwinuko, upana, hali ya ardhi, na aina ya vizuizi utakavyokutana navyo.

Reli ndiyo asili bora kuliko zote, na sababu yake ni ya kihandisi. Treni ya mvuke haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde, wakachimba mahandaki na kusimamisha madaraja marefu ili kupata mteremko mpole. Hata kwenye reli ya zamani ya Somerset and Dorset, iliyosifika kwa ukali wake, mwinuko wa kawaida wa sehemu ngumu ulikuwa mita 1 kwa kila mita 50, ambao mwendesha baiskeli ya umeme anaupanda akiendelea kuzungumza na mwenzake. Mwezi Machi 1963 ripoti ya Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa shirika la reli la taifa, ilipendekeza kufungwa kwa zaidi ya stesheni 2,000 na kilomita zipatazo 8,000 za reli. Vijiji vingi vilipoteza treni na havijazipata tena hadi leo, na tuta zilizobaki bila vyuma ndizo tunazoziendesha sasa.

Mfano ulio karibu nami zaidi ni njia ya Bristol na Bath. Mwaka 1977 kikundi cha wananchi wa Bristol kilichoitwa Cyclebag kilianza kudai njia salama za baiskeli, na kati ya 1979 na 1986 kikundi hicho, ambacho baadaye kilizaa shirika la hisani la Sustrans, kiliigeuza reli ya zamani kati ya miji hiyo miwili kuwa njia ya lami yenye urefu wa takribani kilomita 21. Upande wa Bristol unapita ndani ya handaki la Staple Hill, lenye urefu wa karibu nusu kilomita na lenye taa. Ukifika Bitton unakuta kipande cha reli kilichofufuliwa na wapenzi wa treni za zamani, na siku treni hizo zinapotembea, moshi wa mvuke unapita kando yako. Hukuti gari isipokuwa katika sehemu chache ambapo njia inakatana na barabara. Hata hivyo simpeleki mgeni huko asubuhi ya siku ya kazi, kwa sababu wanaowahi ofisini huendesha kwa kasi na hawana subira. Baada ya saa nne asubuhi mambo hutulia.

Kwa upande wa Bath kuna njia ya Mahandaki Mawili, iliyofunguliwa mwaka 2013 juu ya tuta la reli ile ile ya Somerset and Dorset. Handaki lake kubwa, la Combe Down, lina urefu wa zaidi ya kilomita 1.6 na ndilo refu kuliko yote nchini kwa wapita kwa miguu na baiskeli. Ndani yake kuna taa, kuna sauti za muziki katikati, na kuna baridi hata mwezi Julai, hivyo koti jepesi si anasa. Wengi hupenda kuiunganisha njia hii na mfereji wa Kennet and Avon ili wapate mzunguko wa kurudi Bath bila kupita mahali pamoja mara mbili. Mzunguko huo unapendeza sana, lakini kati ya kijiji cha Midford na mfereji utapita kwenye barabara nyembamba za kijijini zenye magari machache na milima ya kweli. Milima yenyewe mota itaimaliza. Mwenye kuogopa magari, hata gari moja, aambiwe mapema.

Hapo ndipo vibao vinapowapotosha watu. Mtandao wa taifa wa njia za baiskeli, ambao ulipata msukumo mwaka 1995 kwa ruzuku ya fedha za bahati nasibu ya taifa, una vibao vya buluu vyenye namba, na mtu akiona namba hudhani ameahidiwa njia isiyo na magari. Namba inaeleza kwamba njia imo katika mtandao, basi. Njia namba 4, kwa mfano, inapita kwenye reli ya Bristol na Bath pamoja na ukingo wa mfereji, lakini hiyo hiyo huingia pia kwenye barabara za kawaida. Sustrans wenyewe, wasimamizi wa mtandao huo, walilitambua tatizo hili: baada ya kuukagua mtandao mzima na kutoa ripoti mwaka 2018, mwaka 2020 waliondoa au kuzipanga upya njia za barabarani zilizokuwa karibu robo ya mtandao wote, kwa sababu hazikufaa kwa mtoto wala mwanagenzi. Ramani za karatasi zilizochapishwa kabla ya hapo bado zimejaa kwenye maduka ya vitabu vya mitumba, na bado zinaonyesha njia hizo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Ukaguzi huo ulihesabu pia vizuizi zaidi ya 16,000 katika mtandao, na hili ni jambo ambalo mwenye baiskeli ya umeme lazima alipe uzito kuliko mwenye baiskeli ya kawaida. Baiskeli ya umeme ya kutembelea huwa na kilo 20 hadi 25, wakati mwingine zaidi, na usukani wake mara nyingi ni mpana. Vizuizi viliwekwa hasa ili kuwazuia vijana wenye pikipiki, lakini havichagui. Kuna fremu za chuma zilizoinama kama herufi A, ambazo usukani mpana haupiti. Kuna mageti madogo yanayozunguka ndani ya kizimba, ambayo hukulazimisha kuisimamisha baiskeli kwa gurudumu la nyuma. Kuna ngazi za mbao za kuruka uzio, na kuna madaraja ya miguu yenye ngazi za kawaida. Kijana mwenye baiskeli nyepesi huibeba begani akapita. Mtu wa miaka 65 mwenye kilo 25 mikononi hawezi, na hapaswi kujaribu. Kutoa betri hupunguza kilo 3 hivi, ambazo husaidia kidogo. Kwa hiyo ninapopanga njia, mlima ninaupa dakika chache, na muda mwingi ninautumia kutafuta mageti.

Kazi hiyo naifanya mezani, siku moja au mbili kabla. Ninaanza na OpenCycleMap, ramani ya baiskeli ya mtandaoni, ambayo huchora njia za taifa kwa rangi nyekundu, za mkoa kwa zambarau na za mtaa kwa buluu, na inayoonyesha pia mistari ya urefu wa ardhi. Kisha naiomba CycleStreets, tovuti ya kupanga safari za baiskeli, inipangie safari kwa chaguo lake la njia tulivu zaidi, nikilinganisha na njia yake ya haraka; mahali mistari hiyo miwili inapotengana ndipo penye barabara ya kuepukwa. Baada ya hapo nafungua picha za setilaiti na kufuata njia nzima kwa macho, hasa kila mahali inapokutana na barabara, kwa kuwa vizuizi hukaa kwenye makutano. Panapofichwa na miti, natafuta picha katika mradi wa Geograph, ambao tangu 2005 umekuwa ukikusanya picha za kila mraba wa kilomita moja nchini; ni ajabu jinsi watu wanavyopenda kupiga picha mageti, na mimi nawashukuru.

Ukingo wa mfereji una sifa karibu sawa na za reli kwa sababu maji hayapandi mlima. Ni tambarare kwa kilomita nyingi, halafu unapanda ghafla kwenye malango ya maji yanayoinua na kushusha mashua, kama pale Caen Hill karibu na Devizes penye malango 29 yanayofuatana. Tofauti ni upana. Farasi aliyevuta mashua hakuhitaji nafasi kubwa, na chini ya madaraja huoni anayekuja upande wa pili, kwa hiyo kengele na mwendo wa mtu anayetembea haraka ndiyo sheria ya ustaarabu. Wakati wa mvua nyingi sehemu zisizo na lami huwa tope. Mabwawa, kwa upande wao, yana faida ya kukurudisha ulipoanzia: kuzunguka Rutland Water pamoja na rasi yake ni takribani kilomita 37, umbali unaofaa siku nzima yenye chakula cha mchana katikati.

Kuhusu sheria, baiskeli ya umeme hutambuliwa kuwa baiskeli ya kawaida ikiwa ina pedali, mota isiyozidi wati 250 za kudumu, na ikiwa msaada wa mota hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Mwendeshaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Ikivuka hapo ni pikipiki mbele ya sheria, na njia zote nilizozitaja zinafungwa kwako. Kwa England na Wales angalia pia mishale iliyopigiliwa kwenye nguzo za mashambani: wa njano ni njia ya miguu tu, wa buluu ni njia ya farasi, ambayo sheria ya mwaka 1968 inamruhusu mwenye baiskeli kuitumia mradi awapishe watembeao na wapanda farasi. Mwekundu una maana kwamba hata magari yanaruhusiwa. Uskoti wana utaratibu wao mpana zaidi chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 2003.

Betri, kwenye njia tambarare na kwa msaada wa chini wa mota, ninaihesabia wati-saa (kipimo cha umeme wa betri) 6 hadi 10 kwa kilomita. Betri ya wati-saa 400 basi inakufikisha kilomita 40 hata kwa hesabu ya tahadhari, lakini baridi ya Januari huipunguza, na upepo wa mbele vilevile; ndiyo maana naanza safari kwa kuukabili upepo ili urudipo ukusukume. Njia ya Bristol na Bath ina nafuu nyingine, kwamba kila upande una stesheni, na treni huchukua kama robo saa. Treni za masafa marefu hudai nafasi ya baiskeli iwekwe mapema, hivyo wageni wangu nawaelekeza kwenye zile ndogo za mkoa, nje ya saa za msongamano.