Unasaga meno usiku? Tuanze na mchana

Anayesaga meno usingizini mara nyingi huja kwangu kwa kulalamikiwa na anayelala naye. Mwenyewe hana habari. Anachojua ni kwamba akiamka taya limechoka, kichwa kinamuuma pembeni, na magego yanasisimka akinywa maji ya baridi. Wengi wanakuwa wameshameza dawa ya minyoo wakiamini minyoo ndiyo chanzo, wengine zaidi ya mara moja.

Kama una minyoo, itibu. Lakini amri ya kusaga haitoki tumboni, inatoka kwenye ubongo: usingizi unakuwa mwepesi ghafla, moyo unaongeza mwendo, kisha misuli ya taya inakaza. Mawazo mengi huchochea, sigara, pombe na kahawa ya jioni pia. Zipo hata dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, zinazoweza kuleta hali hii. Usiziache kwa uamuzi wako, rudi kwa aliyekuandikia. Nikisikia mtu anakoroma na pumzi humkatika usiku, namtuma akapimwe usingizi kwanza. Watoto wengi huacha wenyewe wakikua.

Mchana ndipo penye kazi. Hebu sasa hivi, unaposoma: meno yako ya juu na ya chini yamegusana? Hayatakiwi. Hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi upumzike nyuma ya meno ya juu. Dereva kwenye foleni, mhasibu mwisho wa mwezi, fundi cherehani anayelenga sindano, wote hukaza bila kujua. Bandika kikaratasi kwenye usukani au kwenye kompyuta. Kila ukikiona, legeza taya. Inaonekana kama mchezo, na wagonjwa hunicheka, lakini taya lililokazwa kutwa nzima halina budi kuuma.

Kinga ya usiku, ile ya plastiki ngumu inayotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, hulinda meno yasilike. Haikomeshi kusaga, na anayekuahidi hivyo anakuuzia tu. Zile laini za wanamichezo sizipendi kwa kazi hii, kwani hutoboka upesi na wengine huzitafuna. Na akitokea mtu anataka kukupunguza meno mazima kwa tupa ili "yakae sawa", mkatalie: tabaka la juu la jino likishaondoka halioti tena.

Taya likigoma kufunguka, au jino likipata ufa, usingoje miadi.