"Badili mtazamo" si dawa ya kila kitu: dhana potofu na ukweli wake, Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukiisha, huku kwetu Kusini hakuna mkutano wala semina inayopita bila kuambiwa tubadili mtazamo. Mkulima aliyeishiwa fedha Februari anaambiwa shida yake ni mtazamo. Kijana wa bodaboda pale stendi ya Masasi naye anaambiwa hivyohivyo, na mama anayebangua korosho kwa ujira mdogo hasazwi. Naamini kabisa kwamba mtu anaweza kubadili namna anavyofikiri na maisha yake yakapata nafuu. Kwa sababu hiyo inaniuma somo zuri kama hili likifundishwa kwa kuwalaumu watu, kwani mtu hutoka pale amechoka kuliko alivyoingia.

Dhana: Umaskini ni mtazamo tu

Nitakaa hapa kidogo, maana hii ndiyo inayoumiza zaidi.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Waliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, mara mbili: kabla ya mavuno, wakati mkononi hamna kitu, na baada ya mavuno, fedha zikiwa zimeingia. Maswali yalikuwa ya kufikiri na ya kudhibiti umakini. Mkulima yuleyule aliyababaikia kabla ya mavuno, akayajibu vizuri zaidi baada ya kulipwa. Watafiti walieleza kwamba ukata unajaza kichwa. Akili inayozunguka deni na chakula cha kesho hubakiwa na nafasi ndogo ya kupanga mambo ya mwakani.

Sasa chukua mkulima wa Tandahimba au Newala. Minada huanza Oktoba, malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika na kuingia benki, na Januari mambo yanakuwa yamekaribia kwisha. Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa: daftari, sare, michango. Halafu inakuja miezi ambayo ghala ni tupu na mahindi ya shambani bado mabichi. Ikifika Mei na Juni shamba linataka kufyekwa na mikorosho inataka dawa. Katikati ya ukata huo ndipo anapobisha hodi mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua kinyemela nje ya mnada, na fedha taslimu mkononi, anataka korosho ambazo hata maua hazijatoa, kwa bei ya kutupa. Anayeuza anajua anapunjwa, na anajua biashara hiyo ni kinyume cha sheria. Hesabu anaiweza kuliko mtoa semina. Ila mtoto ana homa leo, na mnada uko mbali.

Mtu huyu ukimwambia abadili mtazamo mwezi wa Mei, hujamsaidia chochote. Kinachomsaidia ni kuyahamisha maamuzi makubwa yafanyike Novemba na Desemba, kichwa kikiwa chepesi: mahitaji ya shule yanunuliwe yote kwa mkupuo, magunia ya mahindi yaingie ndani kabla bei haijapanda zaidi, fedha ya kupulizia itengwe kabla ya bati na pikipiki.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinalijua hili kwa vitendo. Tazama sanduku la kikoba: la chuma, limepakwa rangi, lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Mwanachama akija katikati ya wiki kuomba, "Dada mwenyekiti, nifungulieni kidogo tu," jibu huwa jepesi: "Kaka yangu, mimi ufunguo ninao mmoja, subiri kikao." Hakuna aliyemtilia shaka, na fedha yake ipo salama. Kikundi kikipanga kuvunja mzunguko mwezi wa Mei badala ya Desemba, hisa zinarudi mikononi wakati shamba linazihitaji. Kwa macho yangu hayo ni mabadiliko ya fikra, tena ya kina, ingawa hakuna aliyesimama kuhutubia.

Dhana: Watu wa Kusini hawataki mabadiliko

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka mikoa yetu. Kufikia 1986/87 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Wako waliosema wakulima wamekuwa wavivu. Lakini Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa haimvutii mtu kufyeka shamba, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa unaunguza maua kila mwaka.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walihangaika na ugonjwa huo mpaka matumizi ya salfa yakaeleweka, wakaleta na miche bora ya kubebesha. Dawa ilipopatikana na bei ilipopanda, wakulima walewale na watoto wao walirudi shambani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Watu waliojifunza kupulizia mkorosho kwa mashine ya mgongoni alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, huwezi kuwaita wagumu wa kubadilika. Kabla ya kusema mtu hataki, angalia kwanza kama njia ipo.

Dhana: Fikiria mazuri, mengine yatajipa

Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walifuatilia wanawake waliojiunga na mpango wa kupunguza uzito, wakachapisha matokeo yao mwaka 1991. Waliojiona kwenye ndoto zao wamekwisha pungua na kupendeza walipungua kidogo kuliko waliofikiria pia ugumu ulio mbele. Ndoto tamu humpa mtu raha ya kufika kabla hajaondoka. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walionyesha jambo jingine: watu wanaojidharau, wakilazimishwa kurudia maneno ya kujisifu, huzidi kujisikia vibaya, maana moyoni wanajua wanachosema hawakiamini.

Ukipata matumaini, yape saa na mahali. Peter Gollwitzer ametafiti kwa miaka mingi mipango ya aina hii: likitokea hili, nitafanya lile. "Nikitoka kuswali alfajiri, kabla ya chai, nitaandika matumizi ya jana." "Nikipita gengeni jioni na nikaitwa kwenye bao, nitakaa raundi moja, kisha nitaenda nyumbani." Sentensi kama hiyo haimsisimui mtu ukumbini, lakini hufanya kazi, kwa sababu saa ikifika uamuzi unakuwa ulishafanyika zamani.

Dhana: Tabia hujengeka kwa siku 21

Hapana. Namba hiyo inatokana na maneno ya daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya, walikuta wastani wa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi ukikosa Jumanne, endelea Jumatano.

Dhana: Mtu mzima hafundishiki

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyolelewa, na kwa malezi ya mtoto hakuna wa kubisha. Kosa ni kumtupia mtu wa miaka 45 methali hiyo anapotaka kujifunza. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwapima ubongo watu wazima wa London waliokuwa wakikariri maelfu ya mitaa ili wapate leseni ya teksi. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliofuzu baada ya miaka ya kusoma walikuwa wameongezeka eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu. Na hapa kwetu, wazee wangapi ambao hawakumaliza shule leo wanafuatilia bei ya mnada kwenye simu, wanalinganisha na ya wiki iliyopita, wanabishana juu ya makato? Hawakuzaliwa nayo hiyo.

Dhana: Mtoto mwambie ana akili, atajiamini

Claudia Mueller na Carol Dweck waligundua mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili walikimbilia kazi rahisi, na walipokosea walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa juhudi. Kwa hiyo ukiletewa daftari, sifu kile alichofanya: "Naona hesabu hii umeirudia mpaka ikakubali."

Ila juhudi nazo zisigeuzwe fimbo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha wanafunzi takriban 12,000, uliwapa somo fupi, chini ya saa moja, kwamba akili hukua kwa kufanyiwa kazi. Waliokuwa nyuma darasani walipanda, kwa kiasi kidogo, na zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe waliheshimu kujifunza. Mtoto anayetembea mbali kwenda shule na kukaa sakafuni anahitaji dawati pamoja na moyo. Mzazi akilidai dawati kwenye kikao cha shule, anaujenga moyo huo pia.

Dhana: Aliyezidiwa na mawazo ni dhaifu, au hana imani

Mtu anaweza kusali sana na akaugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani Harare kukaa na watu waliolemewa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kusini hatukosi bibi wenye busara, wala mabaraza ya nje ya kukalia.

Angalia huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, usingizi kupotea, chakula kukosa ladha, mtu kuacha mambo aliyoyapenda. Wanaume wengi wa huku hawasemi, hukaa kimya au huongeza pombe. Ukiona hayo kwa kaka, mjomba au jirani, usimpe hotuba. Muulize wazi anavyolala, na kama amewahi kuwaza kufa; kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kisha mpeleke mwenyewe zahanati iliyo karibu, waombe wampe rufaa ikihitajika, mathalani hospitali ya Ligula kwa Mtwara au ya Sokoine kwa Lindi, na umsubiri mpaka atoke. Akisema anataka kujiua, mpeleke siku hiyohiyo, na kabla ya kuondoka ondoeni viuatilifu vya mikorosho ndani ya nyumba, vikatunzwe kwa mtu mwingine.