Ua la Usambara halifi kwa kiu

Dhana: ua la Usambara (African violet) ni ua la msitu wa mvua, basi linataka maji kila siku.

Chungu kinaletwa majani yamelegea, udongo unachuruzika, na mwenyewe analalamika: "Nimezidisha maji, mbona haliinuki?" Haliinuki kwa sababu mizizi imeoza. Mzizi uliooza haunyonyi, hivyo majani hulegea kama yenye kiu, na kila kikombe cha maji unachoongeza kinaimalizia mizizi iliyobaki.

Kwao ni misitu ya Usambara, Nguru na Uluguru, na vilima vya Taita upande wa Kenya. Lakini huko halikai topeni. Hujishika kwenye miamba yenye kivuli, katika nyufa zenye kuvumwani (vimea vidogo laini vya mwambani) na udongo kiasi cha vidole viwili. Mvua ikinyesha, maji hupita na hewa hubaki. Wewe umelishindilia udongo wa mfinyanzi ndani ya ndoo!

Changanya kwa vipimo sawa mboji iliyochekechwa, makumbi ya nazi yaliyosuuzwa kuondoa chumvi, na changarawe nyepesi ya volkano. Kipenyo cha chungu kiwe theluthi ya upana wa majani: majani ya sentimita 30, chungu cha 10. Sentimita 2 za juu zikikauka, kiweke chungu kwenye sahani ya maji nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Sahani isishinde na maji, tafadhali.

Kama limeshalegea na udongo umelowa, ling'oe. Kata mizizi ya kahawia, kisha shina kidogo kidogo hadi ukute nyama safi. Ikiwa kahawia imefika juu, okoa majani tu. Chagua jani la mzunguko wa kati, kata kikonyo mshazari kwa wembe ukiacha sentimita 3, chomeka nusu ya kikonyo kwenye mchanganyiko wenye unyevu, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Vichipukizi hutokeza baada ya wiki 6 hadi 10. (Maua yenye petali za mistari kwa kawaida hayarithishi mistari kwa jani, usimlaumu aliyekupa.)

Dhana: linapenda giza.

Kivuli si giza. Vikonyo vikirefuka na majani yakinyanyuka juu, mwanga hautoshi na maua usiyangoje. Majani ya katikati yakibanana na kukakamaa, umezidi. Baraza inayopata jua la asubuhi hadi saa 3 inafaa.

Dhana: tone la maji huunguza jani juani kama lenzi.

Kinachoacha madoa ni ubaridi. Maji ya bomba ya alfajiri yakimwagiwa jani lenye joto huua seli za ndani, na doa halitoki tena. Yaache maji yalale ndani usiku mmoja kwanza.

Dhana: lililochimbwa msituni ndilo lenye nguvu.

Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea Mjerumani, alilipa jina la kisayansi mwaka 1893, kutokana na mimea aliyoipata Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, huko Tanga. Tangu hapo wakulima wamekuwa wakichagua yanayostahimili chungu. La mwituni ukilibandua mwambani, mizizi hukatika palepale, na baadhi ya aina zimebaki sehemu chache mno. Mwombe jirani jani moja.