Mtungi wa jikoni haufungwi kwenye gari

Jana mchana dereva wa Toyota IST aliingia gereji yangu, ninakofunga mifumo ya gesi kwenye magari, akafungua buti. Juu ya kanga iliyokunjwa alikuwa amelaza mtungi wa jikoni wa kilo 15. "Fundi, mtungi ninao. Wewe nifungie mipira tu. Si gesi ni gesi?"

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Yeye nilimweleza taratibu. Wengine naandika hapa, maana nimechoka, na ninaogopa siku moja mtu atateketea na abiria wake.

Ya jikoni ni LPG, yaani propani na butani. Ikibanwa kidogo inakuwa kimiminika. Tikisa mtungi utaisikia ikicheza ndani. Tunayofunga kwenye magari hapa Dar ni CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, karibu yote methani, na methani kwa joto letu hili hata uibane vipi haigeuki kimiminika. Inashindiliwa ikiwa gesi vilevile, mpaka mgandamizo wa bar 200. Tairi la IST linataka bar 2 na kidogo. Kwa hiyo mtungi wa CNG unabeba mgandamizo wa karibu mara 90 ya tairi, wakati ule wa jikoni ni mara tatu au nne hivi. Ndiyo maana mitungi yetu ya chuma ina ukuta mnene na tunainyanyua watu wawili. Mdomo wa pampu ya CNG hauingii kwenye mtungi wa jikoni, lakini nimeshaletewa adapta iliyochomelewa mtaani ili uingie. Niliikata kwa grenda siku ileile.

Halafu kuna kuvuja. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikipata upenyo inapanda na kutawanyika. LPG ni nzito, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya viti, inasubiri cheche. Umeuweka mtungi kwenye buti, vioo umefunga, kiyoyozi kinapuliza. Fikiria mwenyewe.

Najua mtaniambia Kenya kuna magari yanatumia LPG. Ni kweli. Yana tangi lililotengenezwa kwa gari, valvu za usalama na mfumo wake wa kuigeuza kuwa mvuke kabla ya kufika kwenye injini. Hayana mtungi wa mama lishe.

Na hata mtungi huo ungefungwa vizuri, nchi ingeokoa nini? LPG inatufikia kwa meli kutoka nje, kama petroli. CNG inatoka Songo Songo, Kilwa, na bomba lake linafika Dar tangu 2004. Kilo moja ya CNG ina nguvu ya kama lita moja na nusu ya petroli. Hapo ndipo nchi inapumua, na ndiyo sababu naipenda kazi hii.

Sisemi CNG haina kasoro. Foleni za vituo mnazijua. Gari linapoteza nguvu kidogo, mlimani utaona. Gesi ni kavu, na kwenye baadhi ya injini viti vya valvu, pale valvu inapokaa ikifunga, vinalika mapema. Nikiulizwa ni injini ipi itadumu, mara nyingine sina jibu la uhakika. Kinachoninyima usingizi zaidi ni methani yenyewe: ikiungua inatoa kaboni pungufu kuliko petroli, ikivuja bila kuungua inapasha dunia joto kuliko kaboni, kwa mbali. Kwa hiyo kila nati napaka povu la sabuni, na kiputo kimoja kikivimba nafungua naanza upya.

La mwisho, haraka: mkishafungiwa msiache tangi la petroli likauke. Gari linawaka kwa petroli kwanza, likipata joto ndipo linahamia gesi, na pampu iliyo ndani ya tangi inapoozwa na petroli hiyohiyo. Ikikauka inaungua. Yule wa jana mshale wake ulikuwa umelala kwenye E. Nimemwambia arudishe mtungi nyumbani, aweke lita kumi, aje Jumatatu.