Madini adimu: adimu kwa maana gani?

Madini adimu ni kundi la elementi 17: lanthanidi 15 (lanthanamu na zinazoifuata), pamoja na skandiamu na itriamu. Jina lilitoka kwa wanakemia wa zamani waliozikuta katika mawe yasiyoonekana kila mahali, yakiwemo yale ya kijiji cha Ytterby, Sweden. Lakini ardhini si haba kiasi hicho. Seriamu inakaribiana na shaba kwa wingi, na hata thuliamu, mojawapo ya zilizo chache kabisa, inaizidi dhahabu kwa mbali. Shida ni kwamba ni nadra kuzikuta zimerundikana pahali pamoja kiasi cha kurudisha gharama, na zikikutwa huwa zimechanganyika zote.

Huko kuchanganyika ndiko kunakoendesha soko. Jiwe husagwa, unga wake huelea kwa mapovu hadi yapatikane makinikia (unga uliokolea madini), kisha makinikia hupikwa kwa asidi ili elementi ziingie majini. Mpaka hapo ni uchenjuaji wa kawaida. Kutenganisha ndiyo kazi yenyewe: karibu zote hubeba chaji ileile ya +3, na ukubwa wa ayoni (chembe zenye chaji) hupishana kidogo mno. Hakuna dawa inayonasa neodimiamu na kuiacha praseodimiamu. Kinachofanyika ni kukoroga maji hayo na mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali ya fosforasi, ambayo huvutia ayoni nzito kidogo zaidi ya nyepesi. Mafuta yakielea, yanakuwa yamebeba tofauti ndogo tu. Basi unarudia, tangi baada ya tangi, mamia kwa mamia. Kiwango cha asidi kikiyumba katikati ya mstari, uchafu husambaa mpaka mwisho, na oksidi iliyotakiwa iwe safi kwa asilimia 99.5 inakataliwa na mtengeneza sumaku.

Sasa hesabu. Chukua kilo 100 za oksidi zitokanazo na mgodi wa Mountain Pass, California. Takriban kilo 50 ni za seriamu, 33 za lanthanamu, 12 za neodimiamu na 4 za praseodimiamu. Zilizosalia zote hazifiki kilo 2. Seriamu hung'arisha vioo, lanthanamu hutumika kwenye vichocheo vya kusafishia mafuta ghafi, na zote mbili zimejaa sokoni kwa bei ya kutupa. Zile kilo 16 ndizo zinazolipia kazi nzima, kwa kuwa sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni, inayozungusha mota za magari ya umeme na mitambo mingi ya upepo, ina takriban asilimia 30 ya madini haya kwa uzito. Sumaku ya kufanya kazi kwenye joto kali huongezwa disprosiamu au terbiamu, la sivyo hupoteza nguvu. Hizo mbili hutoka zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi wa kusini mwa China na jimbo la Kachin, Myanmar, ambako maji ya chumvi ya amonia humiminwa ndani ya kilima, na mara nyingi huishia mitoni.

China huchimba takriban asilimia 70 ya madini haya duniani, na husafisha karibu asilimia 90. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili lina maana kubwa kuliko tarakimu zenyewe: Mountain Pass ilipoanza tena uzalishaji mwaka 2018, makinikia yake yalipelekwa China kwa miaka kadhaa.

Soko lenyewe ni dogo, na biashara kubwa hupita kwenye mikataba ya moja kwa moja, kwa hiyo bei huruka upesi. China ilipopunguza viwango vya kuuza nje mwaka 2010, bei zilipaa hadi 2011 kisha zikaporomoka. Molycorp, iliyokuwa ikimiliki Mountain Pass, ilifilisika 2015. Aprili 2025 China iliweka sharti la leseni kwa elementi saba, disprosiamu na terbiamu zikiwemo.

Kwa hiyo ukisoma kwamba pahali fulani pamegunduliwa tani milioni kadhaa, usishtuke na jumla. Tafuta asilimia ya neodimiamu na praseodimiamu, tafuta kiasi cha thoriamu, metali yenye mionzi, ambayo katika monaziti (mojawapo ya mawe yenye madini haya) hufanya topesumu, yaani matope ya mabaki ya uchenjuaji, iwe na mionzi, kisha uliza makinikia yatatenganishwa wapi.