"Amalize Masomo Kwanza" na Dhana Nyingine Zinazowachelewesha Vijana Wasioona

Katika yote ninayoambiwa na wazazi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanapotuletea watoto wasioona au wenye uoni hafifu, hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Mwalimu, amalize kwanza masomo, hayo mengine atajifunza baadaye." Hayo mengine ni kupika, kufua, kushika fedha, kupanda pikipiki peke yake, kumwambia mwenye nyumba kwamba paa linavuja. Mzazi huyataja kana kwamba ni rangi ya kupakwa nyumba ikishasimama, na kwa kuwa huyasema kwa mapenzi, kumpinga huwa kazi ngumu zaidi.

Ukweli ni kwamba hayo mengine hayaji yenyewe. Mtoto anayeona hufundishwa sehemu ndogo tu ya kazi za nyumbani. Nyingi huzipata kwa kutazama. Tangu yuko mgongoni amemwona mama akiwasha mbabula, yaani jiko la makaa, akipepea makaa, akimimina unga kidogo kidogo na kusonga bugali mpaka ushikane, hivyo siku atakapoambiwa asonge yeye, tayari anaujua mpangilio wa kazi nzima ingawa mikono yake haijawahi kuigusa. Asiyeona hana akiba hiyo. Kwake bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hufika mezani vikiwa tayari, nguo hurudi zimekunjwa, maji yamo ndooni. Asipoonyeshwa kwa mikono, hatajua kwamba kati ya unga na sahani kuna hatua, wala hatajua aulize nini. Ndiyo maana tunapokea vijana wa miaka 19 au 20, wenye diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, wanaojadili falsafa bila kusitasita, ambao hawajawahi kumenya kitunguu. Watu huwaita wavivu, ilhali hakuna aliyewahi kuwaachia kisu.

Kwa walimu wa wasioona jambo hili si geni. Nchini Marekani, Phil Hatlen aliandika mwaka 1996 kuhusu mtaala wa pekee kwa wanafunzi hawa, ambao leo unahesabiwa kuwa na maeneo tisa, yakiwemo mwendo, maisha ya nyumbani, mahusiano na watu, maandalizi ya kazi na uwezo wa kujiamulia mambo. Maeneo hayo hufundishwa sambamba na hesabu na lugha tangu utotoni. Hayasubiri mtihani wa mwisho.

Nikiwabana wazazi, sababu halisi hujitokeza, nayo ni muda. "Nikimfanyia ni dakika mbili, akifanya mwenyewe ni nusu saa." Hilo ni kweli kabisa, na asubuhi ya siku ya shule sitamlaumu mama yeyote. Lakini Jumamosi ipo. Chagueni kazi moja, ifanywe Jumamosi ile ile kila wiki, na ndugu zake wakatazwe kumsaidia kabla hajaomba.

Ushauri wangu wa pili, ambao wenzangu wameshachoka kuusikia, unahusu mikono. Msimshike mtoto viganja na kuviburuta. Wekeni mikono yenu chini ya yake, ili afuate kile mnachofanya na awe huru kuiondoa. Chukueni mfano wa kumimina chai. Kikombe kinakaa ndani ya sinia yenye ukingo, ili kinachomwagika kisimfikie mapajani. Mdomo wa birika unaegemezwa kwenye ukingo wa kikombe kabla birika halijainamishwa. Kisha anasikiliza, kwa sababu sauti ya chai hupanda na kuwa nyembamba kadiri kikombe kinavyojaa, na vidole vilivyo nje ya kikombe huhisi joto likipanda nayo. Aanze na maji baridi. Akishazoea, apewe ya vuguvugu, halafu ya moto. Ataungua siku moja? Huenda. Kaka zake nao waliungua, na hakuna aliyewafukuza jikoni.

Dhana nyingine ni kwamba mji wetu, kwa milima yake, haufai kwa asiyeona kutembea peke yake. Mteremko ni msaada kuliko watu wanavyodhani: anayeshuka kutoka Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, huhisi kwa vifundo vya miguu kwamba anashuka, na anayejua njia yake inapaswa kuteremka hugundua haraka kwamba amepotea. Uwanja mpana ulio tambarare, usio na ukuta wala ukingo wa kufuata, humsumbua zaidi. Hatari zetu za kweli ni mifereji iliyo wazi, pikipiki zinazopanda upande usio wake, na mvua, kwa maana inapopiga juu ya mabati, sauti zote zinazomwongoza hufunikwa, na mwenye busara hungoja ipungue. Kuna pia mabati ya vibanda vya soko yanayotokeza kwa urefu wa paji la uso. Fimbo nyeupe anayotembelea haiwezi kuyagundua, kwa hiyo tunafundisha kuinua mkono mmoja mbele ya uso sehemu kama hizo. Fimbo yenyewe ifike karibu na mwisho wa chini wa mfupa wa kifua. Kale kafimbo kafupi kalikokatwa shambani humfikishia habari za shimo mguu ukiwa umeshaingia.

Wapo wanaokataa fimbo nyeupe kwa kuwa mtoto "bado anaona kidogo." Wengi wanaohesabiwa kuwa wasioona wana uoni fulani uliobaki. Kijana ambaye glakoma, ugonjwa wa macho unaokula uoni wa pembeni, imemwachia tundu dogo la kuonea aweza kusoma ujumbe wa simu, kisha akajikwaa kwenye jiwe lililo miguuni pake. Fimbo ni yake pia.

Uoni huo uliobaki hauishi kwa kutumiwa. Kusogeza kitabu karibu na pua hukuza herufi tu, wala hakuongezi ugonjwa. Glakoma isipotibiwa huendelea, na matone ya daktari yasiachwe kwa kisingizio kwamba kijana amepumzisha macho.

Masikio ya ajabu nayo hayapo. Asiyeona huzaliwa na masikio kama ya wengine. Ubongo wake ndio unaojifunza kuyategemea zaidi, na kujifunza huko huhitaji mazoezi ya miaka. Anayefungiwa nyumbani hayapati.

Kuhusu simu inayosoma kwa sauti, ninaifundisha na ninaipenda, ila haiondoi haja ya nukta nundu, yale maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, na hesabu ndefu haishikiki kwa masikio. Louis Braille alibuni mfumo wake mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15, na nukta zake sita bado ndizo zinazotenganisha kopo la chumvi na la sukari betri ikiisha.

Mwisho ni fedha. Wazazi huzishika wao, wakisema kijana ataibiwa. Ataibiwa hakika asipofundishwa. Franka tunazikunja kila noti kwa namna yake: ya 500 inabaki imenyooka, ya 1,000 inakunjwa mara moja, ya 5,000 mara mbili, ya 10,000 kwa urefu, na anayerudishiwa chenji hutaja kwa sauti kile anachopokea na kukikunja kabla hajaondoka. Dola ni shida zaidi, kwa sababu ya 1 na ya 100 zina ukubwa ule ule, na wafanyabiashara wetu hukataa noti yenye mpasuko hata mdogo, kwa hiyo hatuzikunji. Kila thamani inakaa katika mfuko wake ndani ya pochi, na kijana mwenyewe ndiye anayezipanga, kwa kuwa pochi iliyopangwa na mama itamchanganya mara tu mama asipokuwepo.